Kujitolea kwenye makao ya watoto ya kanisa Tanzania: mwongozo kwa anayevuka mpaka

Mtoto wa miaka mitatu akikuona kwa mara ya kwanza, akakukimbilia, akakukumbatia mguu na kukuita mama, usidhani amekupenda. Mtoto aliyelelewa na mtu mmoja hujificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni anapoingia. Huchungulia, humpima, ndipo husogea. Anayemrukia kila mgeni ameshapita mikononi mwa watu wengi waliombeba wiki mbili mbili kisha wakatoweka, na amejifunza kuchota mapenzi haraka kabla mtu hajaondoka.

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayetoka Kenya, au Mwafrika Mashariki aliyeko Ulaya au Marekani, anayetaka kwenda kujitolea kwenye makao ya watoto ya kanisa au huduma nchini Tanzania bila kuwa mmoja wa hao. Kanuni tunayoishika ni hii: unakwenda kumtumikia mlezi, ili mlezi apate nafasi ya kumlea mtoto. Karibu kila tunalosema hapa chini linatokana nayo.

Kuyapata makao yanayofaa

Anza na leseni. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto Tanzania Bara yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Omba nakala, usiridhike na jibu la "tumesajiliwa". Huduma nyingi zina cheti cha asasi au cha wadhamini, na kwa nia njema kabisa wanakuonyesha hicho, lakini hicho si leseni ya makao.

Kisha uliza watoto walifikaje pale. Jibu zuri litamtaja afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, barua yake, na jalada la kila mtoto lenye majina ya ndugu, kijiji anakotoka na mpango wa malezi unaosema lini na vipi atarudi kwao. Ukijibiwa kwamba bibi yake alimleta tu, au kwamba mchungaji aliwakusanya vijijini, simama hapo. Wengi wa watoto wanaoitwa yatima kwenye makao wana mzazi aliye hai, au shangazi, au babu. Kilichowaleta ni umaskini, ugonjwa au ada ya shule.

Swali la tatu ndilo linalotenganisha makao na makao: mwaka uliopita, watoto wangapi walirudi kwa ndugu zao? Mwelekeo wa dunia uko huko. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inataka makao yawe njia ya mwisho na ya muda. Rwanda ilianza kuwahamishia watoto kwenye familia kwa mkakati wa mwaka 2012, na Kenya ina mkakati wake wa 2022 hadi 2032. Waraka wa Yakobo nao unawataja yatima na wajane kwa pumzi moja. Tunausoma hivi: mama akisaidiwa, mtoto hahitaji kitanda cha makao.

Dalili za kukufanya urudi nyuma ni hizi: wanakukubali kwa ujumbe mmoja wa simu bila kukuuliza chochote (makao yanayokupokea bila kukuchunguza yatampokea na mtu mbaya vilevile), unadaiwa fedha kwa kila mtoto "utakayempata", watoto wanatolewa darasani kuja kuwaimbia wageni, hakuna bodi, na mkurugenzi, mhasibu na msimamizi ni watu wa nyumba moja. Kinyume chake, makao mazuri yatakuchosha kwa maswali. Yatadai barua ya mchungaji wako, wadhamini wawili wasio ndugu zako, cheti cha polisi na mahojiano. Wavumilie.

Karatasi

Anza miezi mitatu kabla, minne kama uko mbali. Mkenya hahitaji viza Namanga, ila anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa kinachokuvusha Busia kwenda Uganda hakikuvushi hapa. Kosa linaloleta shida kuliko yote ni kuingia kama mgeni wa matembezi kisha kuanza kazi. Kazi isiyo na mshahara bado ni kazi mbele ya Uhamiaji. Viza ya kawaida ya dola 50, au ya dola 100 kwa mwenye pasipoti ya Marekani, ni ya matembezi na haikuruhusu kujitolea. Unachohitaji ni kibali cha ukaazi Daraja C, kundi moja na wamisionari, watafiti na wanafunzi.

Anayekuombea kibali ni mwenyeji wako, kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji, akiambatisha vyeti vyake vya usajili. Kwa hiyo makao yasiyo na usajili hayawezi kukuombea, na yanayokuambia "njoo tu, tutaelewana hukohuko" yamekujibu swali la leseni bila kujua. Mpelekee mapema nakala ya pasipoti, picha, wasifu wako, vyeti vya taaluma na cheti cha tabia njema. Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali peke yake, si kwenye simu ya mtu.

Cheti cha tabia njema Mkenya huombea eCitizen, kisha huenda kuchukuliwa alama za vidole. Aliyeko Uingereza aombe cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto, ICPC, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanaofanya kazi na watoto nje ya nchi hiyo. Kama umeishi nchi mbili, leta vya nchi zote mbili.

Afya

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Kabla ya hapo kadi haihesabiki. Tangu Julai 2016 kadi hiyo haiishi muda, kwa hiyo uliyochanjwa zamani bado inafaa. Chanjo ya homa ya ini B huchukua dozi tatu ndani ya miezi sita, nayo ndiyo inayowachelewesha watu.

Usijidanganye kuhusu malaria kwa sababu umezaliwa Afrika. Aliyekulia Nairobi au Nyahururu, au aliyekaa Uingereza miaka 10, ana kinga ndogo mno akifika Mwanza au Morogoro. Dawa ya kinga ya doksisaiklini huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kurudi; ya atovakoni na proguanili huishia siku ya saba. Watu wengi huacha dawa siku wanayopanda basi la kurudi, na ndiyo maana huugulia nyumbani. Pima na kifua kikuu, kwa faida ya watoto kuliko yako.

Mzigo

Usibebe masanduku ya peremende, midoli na nguo za kugawa. Mwandikie mama mlezi umwulize nini kimepungua. Atakutajia sabuni ya kufulia, pedi za wasichana, viatu vyeusi vya shule kwa namba, daftari, mafuta ya kula. Vyote vinapatikana Arusha, Moshi au Mwanza, na ukivinunua huko unamwinua mfanyabiashara wa pale na hubishani na forodha. Msamaha wa kodi kwa misaada huombwa kabla mzigo haujafika, si dirishani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, basi funga vitu vyako kwa vitambaa. Wewe mwenyewe beba chandarua chenye dawa, tochi ya kichwani, kipimajoto, nguo zinazofunika mabega na magoti, na fedha za chakula chako cha muda wote. Mgeni asiyechangia chakula anakula sahani ya mtoto.

Kiswahili chako si chao

Hili Wakenya hulipuuza, na linauma. Watoto watakuamkia "shikamoo", nawe uitikie "marahaba". Ukisema "poa", mtoto hubaki amesimama akingoja, hajui kama amekosea. Wewe nawe umwamkie hivyo mpishi, mlinzi na kila aliyekuzidi umri. Usiseme "nipe chai" wala "leta sufuria"; sema "naomba chai", "naomba nisaidie sufuria". "Kuja hapa" masikioni mwao ni amri iliyovunjika, wao husema "njoo". Walezi waite kama wenyeji wanavyowaita: mama fulani kwa jina la mwanawe, bibi, dada. Kwa masista na Wakatoliki salamu ni "Tumsifu Yesu Kristo", unajibu "Milele, amina". Kwa Walutheri na Wapentekoste ni "Bwana asifiwe", unajibu "Amina".

Kazi yenyewe

Wiki ya kwanza usilete wazo lolote. Amka saa 11 alfajiri na walezi, fanya unachoonyeshwa. Mlezi mmoja anaweza kuwa na watoto 10 au zaidi, anafua, anapika, anakesha na mwenye homa. Ukimwondolea kufua na kuosha vyombo, anapata saa mbili za kukaa na watoto wake, na saa hizo mbili hakuna mgeni anayeweza kuzitoa badala yake. Mtoto akianguka akalia uani, usimnyanyue umbembeleze wewe. Mpeleke kwa mlezi wake umkabidhi mikononi, ajue kwamba akilia, yule ndiye anayekuja.

Jikoni kuna hesabu. Watoto 40, kila mmoja kikombe cha mililita 300 za uji, ni lita 12. Unga wa mahindi kilo moja na robo mpaka moja na nusu unatosha. Koroga unga wote kwanza kwenye lita tatu za maji baridi mpaka ulainike, chemsha lita zilizobaki, kisha mimina ule mchanganyiko taratibu mkono mwingine ukikoroga na mwiko. Unga mkavu ukiutupa kwenye maji yanayotokota, nje unaiva papo hapo na kuufungia ule mbichi ndani, ndiyo madonge. Uache uchemke dakika 20 kwa moto mdogo, sukari mwishoni. Sufuria hiyo ibebwe na watu wawili, na isikae sakafuni hata dakika moja watoto wakiwa kwenye foleni. Uji hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza pale ambapo maji yangetiririka. Mtoto akiungua, mwagie eneo hilo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, bila unga, kisha zahanati.

Usafi nao una vipimo, na wengi hukosea kwa kuzidisha. Dawa ya kuondoa madoa yenye klorini huandikwa nguvu yake kwenye chupa, soma kwanza. Kama ni asilimia 3.5, mililita 30 kwenye lita moja ya maji zinatosha kwa meza, vitanda na vitasa vya milango. Penye damu au matapishi tumia kipimo kimoja cha dawa kwa sita vya maji. Osha kwa sabuni kabla, kwa sababu uchafu huimaliza klorini kabla haijaua kitu, kisha iache dakika 10. Changanya upya kila siku, maana ikilala hupoteza nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: mvuke wake huharibu mapafu, na bafu za makao ni ndogo na hazina madirisha makubwa.

Kama wewe ni fundi, mhasibu, mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili au mwalimu, leta ufundi wako, ila fanya pamoja na fundi wa pale ili kazi isife ukiondoka. Mfano ni maji. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 20 ni lita 2,000. Toa kama moja ya tano kwa kinachopotea. Kinachoshindikana mara nyingi si tanki, ni mifereji iliyoinamia upande usiofaa, na kukosekana kwa bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Mfereji wa mita 10 unaoshuka sentimita 5 mpaka 10 unatosha.

Mahali ambapo Mkenya anaweza kusaidia kweli ni kidato cha kwanza. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyeongoza darasa la saba anaingia kidato cha kwanza, ghafla haelewi swali la biolojia alilokuwa akilijibu mwaka jana. Kinachomkwamisha ni lugha, na asipojua hivyo huanza kujiona mjinga. Kaa na watatu au wanne mezani sebuleni, milango wazi, kwa muda wa saa moja kila jioni ya siku ya shule. Wafungue daftari la safu mbili: neno la Kiingereza la somo, na maana yake kwa Kiswahili waliyoieleza wenyewe. Maneno 10 kwa siku, yatoke kwenye kitabu chao cha siku hiyo, si kwenye orodha yako. Baada ya miezi miwili wana maneno kama 400, na daftari linabaki kwao.

Mipaka

Usikae peke yako na mtoto mahali pasipoonekana. Usiwaogeshe, usiwavalishe, usilale chumba chao, usimtoe mtoto nje ya geti bila ruhusa ya maandishi na mlezi mmoja. Usimpe mtoto mmoja zawadi, fedha au namba yako ya simu. Kijana wa miaka 15 akikuomba hiyo namba, mwambie ni kanuni ya makao, umtaje msimamizi.

Picha: hakuna nyuso mtandaoni, hata mkurugenzi akikuruhusu. Mtoto huyo akiwa na miaka 25 na kazi ya ofisini, picha yako yenye maneno "yatima tuliyemhudumia" itamfuata. Piga mikono ikichambua mchicha, piga mfereji mliorekebisha.

Mtoto akikuambia ameumizwa, sikiliza bila kumhoji, usimwahidi siri, andika maneno yake kama alivyoyasema siku hiyohiyo. Mpelekee mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto. Kama anayetuhumiwa ni mkuu wa makao, au huoni hatua, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Nyamaza kwa kila mtu mwingine, kundi la kanisa lako likiwemo.

Imani

Makao ni ya kanisa na utasali nao asubuhi na jioni, lakini si kila mtoto aliyemo ametoka nyumba ya Kikristo. Tanga, Pwani, Kigoma na kwingineko, Mwajuma na Ramadhani wako kwenye makao ya Kikristo kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na nafasi. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inataka dini, lugha na utamaduni wa mtoto viheshimiwe anapolelewa nje ya familia yake. Kwa vitendo: usimwongoze sala ya toba mtoto uliyemzoea wiki moja, usimbadilishe jina, na mwezi wa Ramadhani ukifika mwenye umri wa kufunga aandaliwe daku. Mtoto huyu ana shangazi anayetarajiwa kumpokea. Ukimrudisha akiwa mgeni kwa dini ya nyumbani kwao, umemfungia mlango ambao afisa ustawi anahangaika kuufungua. Mwenye nyumba ya Kikristo naye, acha mlezi ndiye amfundishe kuomba, maana ndiye atakayekuwepo usiku.

Kuondoka

Waambie watoto siku saba kabla, si asubuhi ya safari. Wadogo wahesabu kwa kukata mistari saba ukutani au kwenye karatasi. Usiseme "nitarudi" kama huna tiketi. Sema "ninaondoka Jumamosi, mama Neema yupo". Usifanye sherehe ya machozi. Daftari lako la kazi, lenye vipimo, hesabu na majina ya mafundi, mwachie msimamizi, si mgeni anayefuata.

Ukirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu ni ya kupima malaria siku hiyohiyo, na mwambie daktari ulikokuwa. Kanisa likitaka kuendelea kuchangia, msitume kwa mtoto mmoja mliyempenda. Mwulizeni msimamizi gharama za kumrudisha mtoto kwao: nauli ya afisa ustawi na mlezi kwenda kijijini mara tatu au nne kwa mwaka wa kwanza, godoro na chandarua, sare na viatu, bima ya afya, na mtaji wa genge la mboga kwa bibi anayempokea. Fedha zipite kwenye akaunti ya makao kwa stakabadhi, na taarifa mtakayoomba ije kila baada ya miezi mitatu: mtoto yuko shule gani, anaishi na nani, na nani alikwenda kumwona mara ya mwisho.